Amri ya Tano: Kujilinda na Kulipiza Kisasi si Jambo Moja

Wapenzi wakatekumeni,



Katika masomo yetu tumefika kwenye Amri ya tano, ile inayotukataza kuua. Mahali pengine amri hii husomwa upesi. Mtoto huisema kwa moyo, mwalimu humwitikia kwamba ni vema, kisha darasa huendelea na amri ya sita. Lakini sisi tunaokaa upande huu wa Kongo, katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, hatuwezi kuipita upesi. Wengi wetu hulala na nguo za mchana mwilini. Mbwa akibweka usiku, baba huketi kitandani na mama huwashika watoto.

Mwajua yaliyotokea Komanda. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, wakristu walikuwa wakikesha na kusali katika parokia ya Mwenyeheri Anuarite. Watu wa kundi la A.D.F. wakawaingilia. Waliouawa walikuwa zaidi ya 40, na watoto walikuwamo. Walikuja kusali, nao wakazikwa.

Tangu siku ile maswali yenu yamekuwa mazito. Mmoja ameniuliza: Je, imetupasa kuwachukia Waislamu? Mwingine: Je, naweza kubatizwa ikiwa nashika panga katika lindo la usiku? Mama mmoja aliniuliza: Je, nikikimbia na kuacha kapella peke yake, nimemkana Kristu? Nataka kuyajibu yote matatu. Lakini kwanza nitawaambia aibu yangu, ili mjue ya kuwa mwalimu wenu naye ni mwanafunzi.

Katika kijiji ninamofundisha alikaa Mwislamu mmoja, mwenye duka dogo. Aliuza chumvi, sabuni, mafuta ya taa na vitambaa. Watoto wa shule walimwita Baba Chumvi. Shemeji yangu alipouawa katika shamba lake la kakao, hatukuwa na nguo ya kumzikia. Mtu huyo alipima kitambaa cheupe, akakikata, akanipa mkononi, wala hakutaka kupokea hata franka moja.

Habari za Komanda zilipofika, vijana wanne wa ukatekumeni walinijia baada ya somo, wameshika mapanga. Mmoja akasema: «Mwalimu, tupange zamu za kulinda kijiji.» Neno hilo lilikuwa jema. Lakini mwenzake akasema: «Kwa nini kulinda njia ya msituni, na adui yuko hapa dukani?» Wote wakanitazama. Nami nilikaa kimya. Nilimkumbuka shemeji yangu, moyo wangu ukawa mchungu, nikasema ndani yangu: labda ni kweli. Nikafunga daftari langu, nikaenda zangu.

Usiku ule jiwe lilipiga mlango wa duka. Kulipopambazuka, Baba Chumvi alifunga mizigo yake juu ya pikipiki mbili, akamtanguliza mke wake pamoja na watoto, akaenda mjini. Hakuna aliyemwua. Hakuna aliyemchomea nyumba. Lakini alifukuzwa. Mkono wa kijana mmoja ulitupa jiwe, na kimya cha mwalimu wake kiliusukuma mkono huo.

Kwa sababu hiyo nawaandikia.

1. Ukali wa dini ni nini?

Kushika dini kwa nguvu si kosa. Mzee anayetembea kutwa nzima ili aje kwenye misa, mama anayesali rozari kila jioni ingawa amechoka, hao ndio tunaowasifu. Ukali tunaousema hapa ni jambo jingine. Ni ukali wa mtu anayemwondoa Mungu katika kiti cha hukumu, akakaa humo mwenyewe. Mtu huyo husema: «Asiyesali kama mimi hana haki ya kuishi.» Adhani anamtumikia Mungu, kumbe amemnyang'anya kazi yake.

Msidhani kwamba ugonjwa huo hauwezi kuwapata wafuasi wa Kristu. Someni Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 9. Yezu alikuwa akienda Yeruzalemu. Watu wa kijiji kimoja cha Wasamaria walikataa kumpokea, kwa sababu ya ugomvi wa dini kati yao na Wayahudi. Yakobo na Yohane, mitume wateule, wakataka ruhusa ya kuita moto ushuke toka mbinguni na kuwateketeza. Walikuwa wamekaa na Yezu, wameona miujiza yake, na hata hivyo walitaka kuchoma kijiji kizima pamoja na watoto wake. Bwana akageuka, akawakemea. Kisha wakaenda kijiji kingine. Basi.

Sasa fungueni sura ya 10, ile inayofuata. Yezu atoa mfano wa mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani. Ni nani aliyemfunga vidonda? Ni Msamaria. Katika sura moja Wasamaria wamemfungia mlango. Katika sura ya pili achagua Msamaria awe mfano wa upendo. Hakuwahesabu wote kwa kosa la wachache. Sisi nasi tuliona Msamaria akikata kitambaa cheupe, tukamsahau.

Katika nchi zetu jina la Mungu limechafuliwa na watu wa dini mbalimbali. Joseph Kony wa Uganda, mkubwa wa kundi la L.R.A., alidai kwamba anataka watu watawaliwe kwa Amri Kumi za Mungu. Amri Kumi, ndugu zangu, hizi hizi tunazofundishana! Tena Noeli ya mwaka 2008 watu wake waliingia Faradje na vijiji vingine vya Uele, na katika siku na majuma yaliyofuata waliua mamia ya watu, wakachukua watoto. Je, tungekubali Mwislamu aseme kwamba sisi sote tunaosoma Amri Kumi ni watu wa Kony? Hatungekubali. Basi tusimfanyie yeye tusilotaka kufanyiwa.

2. Je, Waislamu wote ni adui zetu?

Kundi la A.D.F. lilizaliwa Uganda katika miaka ya 1990, likaingia kwetu likakaa katika milima ya Ruwenzori na misitu ya Beni. Tangu mwaka 2019 kundi lile la mbali lijiitalo Dola la Kiislamu limetangaza mashambulio yake kana kwamba ni yake. Ni kweli kwamba watu hao hutaja jina la Uislamu, wala hatuna sababu ya kuficha jambo hilo. Lakini sikilizeni jambo la pili, ambalo pia ni kweli. Tarehe 1 Mei 2021, katika mwezi wa Ramadhani, shehe mmoja aliyejulikana sana mjini Beni alipigwa risasi ndani ya msikiti, saa ya sala. Alikuwa amesema waziwazi kwamba kazi ya wauaji hao si kazi ya Mungu. Yeye alikufa akisali, na watu wa Komanda walikufa wakisali. Damu yao imelia kwa Mungu mmoja.

Kitabu cha Waislamu chenyewe, katika sura ya pili, chafundisha kwamba dini haiingizwi kwa kulazimisha. Kanisa letu nalo lafundisha hivyo. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwezi wa Oktoba 1965, ulitangaza kwamba Kanisa lawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja. Desemba ya mwaka ule ule ukatangaza kwamba hapana mtu anayeweza kulazimishwa katika mambo ya dini kinyume cha dhamiri yake. Tena tarehe 4 Februari 2019, huko Abu Dhabi, Papa Fransisko na imamu mkuu wa Al-Azhar walitia sahihi pamoja barua ya udugu kati ya watu.

Wengine watasema: «Basi dini zote ni sawa.» Sivyo. Mimi naamini kwamba Yezu Kristu ni Mwana wa Mungu, aliyekufa na kufufuka kwa ajili yetu. Jirani yangu Mwislamu haamini hivyo. Tofauti hiyo ni kubwa, wala haifai kuifunika. Lakini kuvumiliana si kufunika tofauti. Kuvumiliana ni kusema: «Mimi nadhani umekosea, nawe wadhani nimekosea, hata hivyo nyumba yako itasimama, mtoto wako atachota maji kwa amani, na nikisikia unalia usiku nitakuja.» Imani isiyo ya hiari si imani. Ndiyo maana padri, siku ya ubatizo wenu, atawauliza mnataka nini kwa Kanisa la Mungu. Angeweza kuwamwagia maji tu. Awauliza kwanza, kwa maana Mungu hataka mateka.

Tena kumbukeni lugha hii ninayowaandikia. Ililetwa hapa kwetu kwa njia za Nyangwe na Kasongo na wafanya biashara waliotoka pwani. Wengi wao walikuwa Waislamu, na baadhi yao waliwauza babu zetu. Ubaya huo twaujua. Lakini maneno kama sala, sadaka, baraka na rehema tuliyapokea katika lugha hiyo. Kila asubuhi twamwita Mungu kwa maneno yaliyopita katika vinywa vya Waislamu kabla ya kufika katika vinywa vyetu.

3. Je, mkristu aweza kujilinda?

Naam, aweza. Amri ya tano haisemi kwamba imetupasa kuwaacha wauaji wachinje watoto wetu. Uhai wako ni zawadi ya Mungu. Wewe nawe u mtu ambaye Mungu amekataza auawe. Na baba mwenye watoto, mkubwa wa kijiji, askari na polisi, wale waliowekwa juu ya wengine, hao hawana ruhusa tu ya kulinda, bali wana wajibu mzito. Katekisimu ya Kanisa lote, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha hivyo.

Lakini haki hiyo ina mpaka. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, chaonyesha mpaka huo kwa namna ambayo mtu wa kijijini aielewa mara moja. Mwizi akivunja nyumba usiku akapigwa akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kutoka, hatia ipo. Kwa nini? Usiku hujui aliyeingia ni nani, ana silaha gani, wala hakuna wa kukusaidia. Mchana wamwona, waweza kupiga kelele, waweza kumkamata. Tendo ni lile lile, mwizi ni yule yule, lakini lazima ya kumpiga hata kufa haipo tena.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha vivyo hivyo: anayejilinda na atumie nguvu zinazotosha kuzuia ubaya, asizidishe. Nia yake iwe kuokoa uhai, isiwe kuua.

Basi shikeni mambo haya manne. La kwanza, hatari iwe ya kweli tena iwe imefika. Si hofu, si uvumi, si sura ya mtu usiyempenda. La pili, mpige yule anayeshambulia. Si ndugu yake, si mtu wa dini yake, si mtu wa kabila lake. La tatu, usizidishe. La nne, hatari ikiisha, mkono ushuke. Aliyekamatwa apelekwe kwa wenye amri akiwa hai.

Mwaka 2014, mjini Beni, watu waliojaa uchungu kwa mauaji walimshuku kijana mmoja, wakampiga mawe, wakamchoma moto. Uchungu wao ulikuwa wa haki. Tendo lao halikuwa kujilinda, kwa maana mtu aliyezungukwa na umati hana hatari tena. Tena mwajua vikundi vingi katika nchi yetu vilivyoanza kwa jina la kulinda kijiji. Kwanza wakalinda njia. Kisha wakadai unga na kuku. Kisha wakafunga kizuizi barabarani. Mwishoni mama akiwaona huwakimbia kama awakimbiavyo wale wengine. Mlinzi asiyetii mpaka hugeuka kuwa mvamizi wa pili.

Yezu mwenyewe atuonyesha njia. Katika bustani Petro alichomoa upanga, akamkata sikio mtumishi wa kuhani mkuu. Bwana akamwamuru aurudishe, akamponya mtu yule. Lakini walipompiga kofi mbele ya kuhani, hakunyamaza. Alimwuliza aliyempiga kwa nini ampiga bila kosa. Kusamehe si kuuita ubaya wema. Mkristu aweza kusema kwa sauti kubwa, mbele ya mkubwa na mbele ya hakimu: «Hili ni kosa.»

4. Je, kukimbia ni kumkana Kristu?

Mama mpenzi, hapana. Yosefu alimchukua Mtoto na Mama yake usiku, akakimbilia Misri. Mtakatifu Paulo alishushwa ukutani ndani ya kikapu, mjini Damasko, ili asiuawe. Yezu aliwaambia mitume kwamba wakiteswa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Ukisikia ngoma ya hatari, chukua watoto, mshike kikongwe mkono, nenda. Kapella ni udongo na majani, tutaijenga tena. Mtoto wako ni hekalu la Roho Mtakatifu.

5. Mfano wa Mwenyeheri Anuarite

Parokia ya Komanda ina jina la dada yetu Anuarite Nengapeta, mtawa wa Jamaa Takatifu wa Bafwabaka. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri huko Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985. Mkubwa wa waasi alitaka kumchukua kwa nguvu. Anuarite alikataa. Alipigwa, akakataa tena. Hakuinama mbele ya ubaya hata kidogo. Na alipokuwa akiuawa, alimwambia mwuaji kwamba amemsamehe.

Tazameni vizuri. Wengine husema: «Ukisamehe, u mnyonge.» Wengine: «Ukipinga, huna upendo.» Anuarite alipinga na kusamehe katika saa moja, kwa moyo mmoja. Mambo hayo mawili si adui. Kwa Kristu huenda pamoja.

6. Mwisho wa habari yangu

Jumapili iliyofuata nilisimama katika kapella nikawaambia watu wote nililofanya, yaani nililoacha kufanya. Baada ya sala kijana aliyetupa jiwe alinifuata nyuma ya nyumba, akalia. Nilimwambia: «Machozi ni mwanzo. Njia ya kwenda mjini waijua.» Tulikwenda pamoja, kwa mguu, siku moja na nusu.

Baba Chumvi alitukaribisha katika chumba alichokodi. Akatupa maji ya kunywa, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: «Jiwe nimelisamehe. Lakini mke wangu bado halali usiku.» Hatukuwa na neno la kumjibu.

Duka lingali limefungwa. Watu wetu huenda mbali kutafuta chumvi. Vijana wale wanne wamo katika lindo la usiku kwa zamu, wakiwa na filimbi na taa. Mkubwa wa kijiji awajua majina, nao wameahidi mbele yake kushika yale mambo manne. Yule aliyetupa jiwe amefanya kazi moja zaidi, bila kuamriwa: ameutengeneza mlango wa duka, akaweka ubao mpya mahali palipovunjika. Hatujui kama mwenyewe atarudi. Lakini akirudi, ataukuta mlango mzima.

Maswali ya kukumbuka

Swali: Je, Amri ya tano yakataza kujilinda?
Jibu: Hapana. Yakataza kuua bila haki, kuchukia na kulipiza kisasi. Mtu aweza kulinda uhai wake, na mwenye kuwatunza wengine imempasa kuwalinda.

Swali: Kujilinda na kulipiza kisasi vyatofautianaje?
Jibu: Kujilinda huzuia ubaya unaotendeka sasa na huishia hapo. Kisasi hufuata ubaya uliokwisha pita, na mara nyingi humpiga asiye na kosa.

Swali: Je, twaweza kumchukia mtu kwa sababu ya dini yake?
Jibu: Hapana. Kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na Kristu alikufa kwa ajili ya wote.

Swali: Je, anayenyamaza jirani yake akionewa ana kosa?
Jibu: Ana kosa, ikiwa angeweza kusema naye hakusema.

Tuombe

Ee Bwana Yezu, uliyewakemea Yakobo na Yohane, utukemee nasi tunapotaka moto. Uwalinde watoto wetu usiku huu. Uwape pumziko marehemu wa Komanda, na wa Faradje, na yule aliyekufa akisali msikitini Beni. Uwageuze wauaji mioyo, na uwazuie mikono. Utupe nguvu ya kulinda bila kuchukia, na ulimi wa kusema kabla jiwe halijatupwa. Mwenyeheri Anuarite, utuombee.

Amina.